Mkono Ulionyooshwa Gizani



Niliombwa nieleze sanaa ya baroko na mabingwa wake. Tarehe zitakuja. Kwanza naomba niwaingize katika kanisa moja la Roma, San Luigi dei Francesi, upande wa kushoto, kikanisa cha mwisho kabla ya altare kuu. Pale pana giza. Wageni husimama wakikaza macho na hawaoni kitu. Pembeni kuna kisanduku chenye tundu la sarafu. Ukitumbukiza sarafu, taa inawaka kwa dakika chache. Siku niliyofika mara ya kwanza sikuwa na sarafu mfukoni. Nikangoja. Mzee mmoja akatoa ya kwake, taa ikawaka, na sote tuliokuwa hatujuani tukasogea mbele kwa pamoja. Ukutani palikuwa na watu watano wamekaa mezani, wanahesabu fedha.

Picha ile inaitwa Kuitwa kwa Mathayo. Aliichora Michelangelo Merisi, anayejulikana duniani kwa jina la Caravaggio, mji walikotoka wazazi wake, kati ya mwaka 1599 na 1600. Upana wake unazidi mita tatu, na kimo vilevile. Mathayo mtoza ushuru amekaa na wenzake, wamevaa kama vijana wa mjini Roma wa siku zile: kofia zenye manyoya ya ndege, mikono ya nguo yenye mistari, upanga kiunoni. Mzee mmoja ameshika miwani yake aione vizuri fedha iliyo mezani. Upande wa kulia Kristo ameingia. Mwili wake karibu wote umezibwa na Petro aliyesimama mbele yake. Kinachoonekana ni uso na mkono. Mkono wenyewe umelegea kiganjani, kama wa mtu ambaye hana haja ya kupaza sauti. Juu ya mkono huo nuru inaingia kutoka kulia, inakata ukuta kwa mshazari na kuwamwagikia usoni wale walioketi. Dirisha lipo, tena katikati ya ukuta, lakini halitoi mwanga wowote.

Sasa angalia mezani. Wawili hawakuinua hata macho; wanaendelea kuhesabu. Mwenye ndevu amenyoosha kidole, kama anayeuliza, "Mimi?" Lakini kidole kile ukikifuata vizuri huenda kinamwelekea kijana aliyeinamia sarafu mwishoni mwa meza. Wataalamu wanabishana hadi leo Mathayo ni yupi kati ya hao wawili. Nami sitaki ubishi huo uishe, kwa sababu unamfanya kila anayesimama pale ajiulize nani anaitwa. Hiyo ndiyo hoja yangu ya leo. Sanaa ya baroko ilikataa kumwacha mtazamaji awe mtazamaji tu. Ilimvuta mkono ikamwingiza ndani.

Jina lenyewe wengi hulirudisha kwa Wareno. Kwao barroco ilikuwa lulu isiyo duara, iliyovimba upande mmoja na kubonyea mwingine. Wareno walizijua lulu: kuanzia 1515 hadi 1622 waliishikilia Hormuz, mlango wa Ghuba, na lulu za wazamiaji wa kule zilipita mikononi mwao. Ndio hao hao walioanza kujenga Ngome ya Yesu pale Mombasa mwaka 1593, kwa ramani ya fundi wa Milano, Giovanni Battista Cairati. Ngome ile si baroko. Naitaja kwa sababu wakati kuta zake zinapanda, kijana mwingine wa Milano, Caravaggio, alikuwa ndiyo kwanza ameingia Roma kutafuta kibarua. Na jina la lulu mbovu halikutolewa kwa kusifu. Wakosoaji wa karne ya 18, waliopenda mistari iliyonyooka na utulivu, walilitumia kuitukana sanaa ya karne iliyotangulia. Tusi likazoeleka hadi likawa jina.

Kwa nini sanaa hii ilizaliwa Roma, na kwa nini wakati ule? Mwaka 1517 Martin Luther aliibua ubishi ambao uligawa Wakristo wa Ulaya. Miongoni mwa Waprotestanti walikuwapo walioziona sanamu za makanisani kuwa ibada ya miungu, na mwaka 1566 makundi ya watu katika nchi ambazo leo ni Ubelgiji na Uholanzi yaliingia makanisani yakavunja sanamu na kupasua picha. Wakatoliki walikuwa wamekwisha kuujibu mtazamo huo katika Mtaguso wa Trento, uliokutana kwa vipindi tangu 1545. Kikao cha mwisho, Desemba 1563, kilitoa agizo: picha takatifu zibaki, zifundishe imani, na zisiwe na jambo la kupotosha wala la aibu. Lakini agizo la maandishi haligusi moyo wa mtu aliyekwisha kuchoka. Alihitajika mchoraji wa kumfanya mchuuzi wa samaki aliyeingia kanisani na kapu lake asimame.

Caravaggio aliweza. Aliyewahi kukaa usiku na kibatari anaijua nuru yake: inaushika upande mmoja wa uso, upande wa pili unamezwa, na mkono ukipita mbele ya moto kivuli chake ukutani kinakuwa kikubwa kuliko mwenyewe. Wachoraji wengi waliomtangulia walianza na turubai la rangi hafifu, kisha wakajenga vivuli. Yeye alipaka turubai rangi ya kahawia iliyokoza, kisha akaongeza nuru pale tu ilipohitajika. Mahali pengi, giza unaloliona ni ule mpako wa kwanza, ameuacha kama ulivyo. Hakuna mchoro hata mmoja wa karatasi unaojulikana kwa hakika kuwa wake. Aliwasimamisha watu halisi mbele yake, akakwaruza mistari michache kwenye mpako ili ajue kichwa kikae wapi na bega wapi, akaanza kupaka.

Na watu halisi wana nyayo. Katika kanisa la Sant'Agostino, hapo hapo Roma, kuna picha yake ya Bikira Maria amesimama mlangoni amempakata mtoto, na mahujaji wawili maskini wamepiga magoti mbele yake. Mwanamume ametupa mgongo, na nyayo zake ziko mbele kabisa ya picha, nene, zimejaa vumbi la safari. Picha iko juu ya altare, kwa hiyo nyayo zile ziko karibu sana na macho ya padri anayesali Misa. Mwandishi mmoja wa zama zile aliandika kwamba picha ilizua kelele kubwa. Mimi naiona heshima ndani yake. Mtu ametembea kwa miguu mpaka amefika, na mchoraji hakumnawisha kabla ya kumwonyesha mbele ya Mama wa Mungu.

Wenye kuagiza picha hawakuona hivyo kila mara. Kifo cha Bikira Maria, alichowachorea watawa Wakarmeli, kilikataliwa: maiti ilikuwa maiti kweli, mwili umevimba, miguu iko wazi. Aliyeitambua thamani yake alikuwa mchoraji mwenzake kutoka Flandria, Peter Paul Rubens, aliyemshauri mtawala wa Mantova ainunue. Leo iko Louvre, mjini Paris.

Maisha ya Caravaggio yalikuwa ya upanga mkononi. Tarehe 28 Mei 1606 alimuua Ranuccio Tomassoni katika ugomvi, akakimbia Roma. Alipita Napoli, akafika Malta, ambako mwaka 1608 alipewa cheo cha ushujaa katika Shirika la Mtakatifu Yohane, na katika mwaka huohuo akafukuzwa. Huko Valletta aliacha picha ya kukatwa kichwa kwa Yohane Mbatizaji, yenye upana wa zaidi ya mita tano, na zaidi ya nusu yake ni ukuta mtupu wa gereza. Ndiyo picha pekee aliyotia sahihi. Sahihi yenyewe imeandikwa ndani ya damu inayomtoka Yohane shingoni. Alifariki Porto Ercole mwezi Julai 1610, akiwa na umri wa miaka 38, njiani kurudi Roma kuomba msamaha.

Katika vitabu vingi nilivyosoma nikiwa mwanafunzi, Artemisia Gentileschi alitajwa kwa mstari mmoja, tena kama binti wa mchoraji Orazio. Leo nitampa zaidi ya mstari. Alizaliwa Roma mwaka 1593, akajifunza kuchora kwa baba yake, ambaye alifahamiana na Caravaggio. Mwaka 1611 Agostino Tassi, mchoraji aliyefanya kazi pamoja na baba yake, alimbaka. Kesi ilisikilizwa mwaka 1612 kwa miezi kama saba. Ili kuthibitisha kwamba binti anasema kweli, mahakama ilimfunga kamba vidoleni na kuzikaza huku anatoa ushahidi. Vidole vya mchoraji. Hakubadilisha neno. Tassi alitiwa hatiani, lakini adhabu yake haikutekelezwa kwa dhati.

Sasa linganisha picha mbili. Caravaggio alimchora Yudithi akimchinja Holoferne, jemadari adui. Yudithi wake ni msichana aliyerudi nyuma, amekunja uso kama anayechukizwa na harufu, na mtumishi wake ni bibi kizee anayengoja na kitambaa. Artemisia alichora kisa hichohicho angalau mara mbili. Picha moja iko Napoli, nyingine Firenze katika jumba la Uffizi. Wanawake wake wamekunja mikono ya nguo. Mtumishi ni kijana, naye amemkandamiza jemadari kwa uzito wa mwili wake wote. Yudithi ameshika nywele kwa mkono mmoja na upanga kwa mwingine, mwili ameuvuta nyuma ili apate nguvu na damu isimrukie. Wengi husema hiki ni kisasi chake kwa Tassi. Huenda kipo. Ila tukiishia hapo tunamnyang'anya ufundi wake, kwa sababu ninachokiona kwanza ni ujuzi: huyu alielewa kwamba kuua mtu mwenye nguvu ni kazi ngumu, na akakaa akafikiri viungo vya wanawake wawili vitafanyaje kazi hiyo. Mwaka 1616 akawa mwanamke wa kwanza kupokewa katika chuo cha wasanii cha Firenze, na baadaye akawa na karakana yake Napoli.

Tutoke kwenye turubai twende kwenye jiwe. Gian Lorenzo Bernini, aliyezaliwa Napoli mwaka 1598 na kufariki Roma mwaka 1680, aliifanya marumaru itii kama ulezi unaosongwa. Sanamu yake ya Apollo na Dafne, aliyoimaliza mwaka 1625, inamwonyesha msichana anayegeuka mti ili kumkwepa anayemfukuza. Vidole vyake vimeanza kutoa majani, magome yamepanda mapajani, na mdomo uko wazi. Majani yale ni membamba kiasi kwamba nuru inapenya. Jiwe limeshika pumzi katikati ya jambo, kama Caravaggio alivyoushika mkono wa Kristo kabla haujashuka.

Kazi anayotajwa nayo zaidi iko katika kanisa la Santa Maria della Vittoria: mtakatifu Teresa wa Avila ameanguka nyuma katika njozi, na malaika mwenye mshale amesimama juu yake. Bernini alificha dirisha juu ya sanamu, mahali ambapo mwamini hawezi kuliona, nuru ya jua ikawa inashuka juu ya miali ya shaba iliyopakwa dhahabu. Kisha akafanya jambo ambalo kila nikilifikiria linanishangaza. Katika kuta mbili za pembeni alichonga watu wa ukoo wa Cornaro, wenye kikanisa hicho, wamekaa kama watu walio kwenye vibaraza vya jumba la maonyesho, wananong'ona na kutazama. Ukisimama katikati unakuwa umekaa pamoja nao.

Katika uwanja wa Navona, Bernini aliisimamisha mwaka 1651 chemchemi ya mito minne, kwa agizo la Papa Innocent X. Mito ni Danube, Ganges, Río de la Plata na Naili, kila mmoja jitu lililokaa juu ya mwamba. Naili amejifunika kichwa kwa kitambaa. Watembeza wageni hudai amejifunika asilione kanisa lililojengwa na Borromini, mshindani wa Bernini, ng'ambo ya uwanja. Haiwezekani, kanisa lile lilianza kujengwa mwaka 1652, chemchemi ikiwa imekwisha. Amejifunika kwa sababu Roma haikujua maji yake yanatoka wapi. Waliokaa kandokando ya ziwa kubwa, pale Jinja maji yanapotoka kuelekea kaskazini, walikuwa wakivua samaki hapo kila siku, na kwao kichwa cha mto hakikuwa na kitambaa. Kila nimwonapo jitu lile nawakumbuka wao.

Kuna Mwafrika mwingine wa jiwe katika mji ule, naye alikuwa mtu wa nyama na damu. Mfalme Álvaro II wa Kongo, ufalme ambao nchi yake leo imegawanyika kati ya Angola na majirani zake, alimtuma balozi kwa Papa mwaka 1604. Jina lake Antonio Manuel Ne Vunda. Njiani aliporwa na maharamia wa Kiholanzi, akakaa Lisbon, akakaa Madrid, akafika Roma Januari 1608 akiwa mgonjwa sana. Papa Paulo V alikwenda kumwona kitandani. Siku chache baada ya kuwasili akafariki, akazikwa Santa Maria Maggiore. Sanamu yake iko pale: kichwa cha jiwe jeusi lililong'arishwa, vazi la jiwe la rangi nyingine lililochongwa kama wavu, na podo la mishale. Aliichonga Francesco Caporale. Balozi alikuwa Mkristo aliyetumwa kuuwakilisha ufalme wa Kikristo mbele ya Papa. Podo linaonyesha Roma ilivyopenda kumwona. Uso, hata hivyo, ni wa mtu mmoja tu, aliyechoka na mwenye hadhi, na mchongaji hakuubadilisha.

Kaskazini nitapita upesi. Rubens alirudi Antwerp mwaka 1608 na yote aliyoyaona Italia, na katika Kushushwa Msalabani, aliyoichora kati ya 1612 na 1614 kwa kanisa kuu la mji huo, sanda nyeupe inashuka kwa mshazari kama maporomoko ya maji, na kila aliyepo ameunyoshea mwili wa Kristo mkono. Rembrandt wa Amsterdam alikaa katika nchi ya Waprotestanti, ambako makanisa hayakuagiza picha. Walinunua wafanyabiashara, kwa ajili ya kumbi na nyumba zao. Picha yake ya mwaka 1642 iitwayo Lindo la Usiku si ya usiku. Vanishi iliyochakaa na kuwa nyeusi ndiyo iliyowadanganya watu hadi wakaipa jina hilo. Mwaka 1661 aliwachora Waafrika wawili, mmoja ameegemeza kidevu begani mwa mwenzake; hawakupewa podo wala taji, ni watu wawili waliokaa pamoja. Na Vermeer wa Delft, mwenye picha kama 35 tu zinazojulikana, alimchora msichana mwenye hereni ya lulu. Sogea karibu uitazame lulu ile. Ni miguso miwili ya rangi nyeupe, na hakuna hata kikulabu cha kuitundika sikioni. Lulu umeitengeneza wewe kwa jicho lako.

Nimemweka mwisho Diego Velázquez wa Sevilla, mchoraji wa mfalme Philip IV wa Hispania. Mwaka 1656 alichora picha iitwayo Las Meninas. Binti mfalme Margarita amesimama na wasichana wake wa kumhudumia, mbwa amelala, mchoraji mwenyewe yuko mbele ya turubai kubwa tusiloliona usoni, na nyuma kabisa, ndani ya kioo, ziko sura za mfalme na malkia. Kwa kioo hicho tunaelewa kwamba mahali tuliposimama sisi ndipo waliposimama wao. Mtoto wa mwuza kuni akisimama mbele ya picha ile, mchoraji wa mfalme anamtazama yeye.

Miaka sita kabla ya hapo Velázquez alikuwa Roma, na pamoja naye alikuwapo Juan de Pareja, mzaliwa wa Antequera, aliyekuwa mtumwa wake na msaidizi wake katika karakana. Velázquez alimchora. Mwezi Machi 1650 picha hiyo ilionyeshwa hadharani katika Pantheon. Pareja ana kola nyeupe, mkono wa kulia umekatisha mbele ya kifua, na macho hayaombi kitu kwa mtu. Katika mwaka huohuo Velázquez alimchora pia Papa Innocent X, yule wa chemchemi, na nikiziweka picha hizo mbili sambamba sioni kwamba brashi ilimpa Papa kitu ilichomnyima mtumwa. Novemba 1650, hapo hapo Roma, Velázquez alitia saini hati ya kumwacha huru, kwa sharti la kuendelea kutumika miaka minne.

Miaka ikapita, Pareja akiwa mtu huru na mchoraji kwa haki yake. Kazi yake kubwa iko Prado, mjini Madrid, na kisa alichokichagua ni kuitwa kwa Mathayo. Meza ipo, watoza ushuru wapo, Kristo anaita. Lakini ukienda pembeni kabisa, upande wa kushoto, utamkuta mwanamume amesimama, hamtazami Kristo wala hazitazami fedha. Anatutazama sisi. Mkononi ana kipande cha karatasi, na juu yake ameandika jina lake, Pareja, na mwaka, 1661.